Wimbo wa Kunivua Taji

Mimi nilizaliwa kuwa malkia, na sauti yangu ni ya chura. Nasema mapema ili usije ukanihurumia huko mbele. Watu wa Rumonge wananijua: Warda fundi wa nguo, kibanda cha tatu ukitoka sokoni kuelekea ziwani, mjukuu wa Bibi Jamila. Na Bibi Jamila si bibi wa hivihivi. Alikuwa Malkia wa Nuru, chama cha ngoma ya lelemama ambacho bibi yake mwenyewe alikileta kutoka Kasongo enzi za Wabelgiji, pamoja na ngoma tatu na taji la bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Ukitaka kulicheka taji hilo, licheke ukiwa mbali. Wako wanawake mjini hapa waliokosana na dada zao kwa ajili yake mpaka wakazikana bila kusemezana.

Malkia wa lelemama hana askari wala kodi. Ana kiti, ana wanawake sitini wenye kitenge kimoja, na ana adui. Adui wetu ni Dola, chama cha ng'ambo ya barabara kubwa. Kazi yetu sisi na wao ni kutukanana kwa nyimbo kwenye harusi. Mchana tunauziana ndagala, wale dagaa wa ziwani, na kuazimana chumvi. Ngoma ikilia, hatujuani.

Kiti kinakwenda kwa mjukuu wa kike aliye mkubwa, na mkubwa ni mimi. Anayefuata ni binamu yangu Nadia, mke wa mwenye mashine ya kukamulia mawese. Nadia alikitaka kiti toka tuko watoto. Tukicheza, yeye alikalia kinu na kuniamuru nimpepee. Sasa mwaka jana bibi akasema mguu umemchosha, anataka kukabidhi kabla ya Ramadhani, na chama kikapasuka pande mbili siku hiyohiyo. Upande wa Nadia wakaamua kushona sare yao ya kunipinga. Walikuja kuishona kwangu, kwa kuwa hakuna fundi mwingine anayeiweza ile shingo ya gauni letu. Nikawashonea. Kazi ni kazi.

Sasa siri yenyewe. Kwa miaka minne mimi, mrithi wa Nuru, nilikuwa natunga nyimbo za Dola.

Ngoja nieleze kabla hujanitemea mate. Kutunga najua, sina haya kulisema. Lakini kwetu Nuru anayetunga ni malkia peke yake, ndiyo desturi, na nyimbo za bibi, Mungu anisamehe, zilikuwa zilezile toka nazaliwa. Nilipompa wimbo wangu wa kwanza niliouandika kwa mwandiko mzuri, aliusoma mpaka mwisho, akasema "vizuri," akawashia mkaa.

Ndipo akaja Evangelina kupima gauni la kwaya. Evangelina ni Mkristo, mmoja wa wale wakimbizi waliorudi: alikulia kambini Tanzania, wazazi wake wakapewa kiwanja Gatete, na yeye anauza ndagala. Kiswahili chake kimenyooka, cha Kasulu, na changu anakicheka. Nilikuwa namzungushia utepe kiunoni akaanza kuimba kidogo tu, mdomo umefungwa, kama mtu aliyejisahau. Utepe ukaniponyoka. Nikauliza, dada, hiyo sauti unaipeleka wapi? Akasema Dola wamemchukua awe mwimbaji wao, hawakujali dini, shida yake ni maneno. Maneno yake yote yalikuwa ya kwaya: mchungaji, kondoo, mlima Sayuni. Huwezi kumtukana mtu kwa kondoo.

Nikampa maneno. Kila Jumatano nilimwambia bibi nakwenda Kigwena kununua mawese, na kweli nilirudi nayo. Nyumba yetu ilikuwa na mawese ya kuogea. Tulikaa pembeni ya msitu, nyani wakituchungulia, mimi nasema mstari, yeye anaurudisha umevaa nguo. Nikimsikia ndipo nilipojua kumbe nilitaka kusema nini. Nilikuwa mke wa mtu miaka sita, sikuipata furaha ya namna ile hata siku moja.

Na malkia hana Jumatano. Malkia anakula kiapo havuki barabara kubwa kwenda upande wa Dola, hazungumzi na mwimbaji wao, na popote aendapo wanawake wanne wako nyuma yake, hata akienda kununua nyanya. Ningekaa chini ya kitambaa cha heshima maisha yangu yote, na ile sauti ingekuwa ng'ambo inaimba kondoo. Wala kukataa kiti hakukuwezekana. Bibi ndiye aliyenilea toka mama yangu alipofariki nikiwa natambaa. Kumkatalia mbele ya watu kungekuwa kumzika na huku anapumua.

Kwa hiyo nikatafuta njia ya kushindwa kwa heshima. Njia iko. Inaitwa kuoshwa.

Kumwosha malkia ni hivi. Siku ya kukabidhi kiti, adui wanaalikwa. Wanakuja na sare zao, wanalishwa pilau, kisha mwimbaji wao anasimama mbele ya mrithi na kumwimbia wimbo mmoja wa aibu zake zote, mchafu kadiri wawezavyo. Wazee walisema malkia aoshwe mapema, asije akachafuliwa baadaye. Wimbo ukiisha, ngoma zetu zinazunguka mara saba, na kabla ya mzunguko wa saba kwisha mrithi awe amesimama kujibu kwa wimbo. Akikaa kimya, taji linakwenda kwa anayefuata. Hakuna ugomvi, anarudi kuketi na wenzake na anamalizia pilau yake.

Basi mimi nilihitaji wimbo usiojibika. Na nani Rumonge nzima angeweza kutunga wimbo usiojibika juu ya Warda?

Nilitunga siku tatu. Nilijiosha kwelikweli, mpaka kwenye kucha. Nilimweka Djibril, mume wangu wa Bujumbura, aliyenirudisha kwetu kwa sababu ya uzazi. Niliiweka cherehani yangu inayoshona nguo za watoto wa watu. Kulikuwa na maneno mle ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na kiitikio nilikifanya chepesi ili hata mama wa Gitaza anayepita na kapu lake akidake papo hapo.

Evangelina aliusoma akiwa amesimama, pale Kigwena, akaukunja.

"Huu siimbi."

"Ni kazi, Eva."

"Warda, hili si tusi. Hii ni barua ya daktari."

Nikamweleza mpango wote. Ukiuimba vizuri nashindwa, nikamwambia, Nadia anavaa bati lake, na mimi nabaki na cherehani na Jumatano zangu. Hakuna atakayeumia.

"Na wewe utakaa palepale usikie?"

"Nimeutunga mwenyewe, nitashindwa kuusikia?"

Akaitia karatasi kwenye kapu lake. Akasema sawa. Na kweli, wiki nzima aliwafundisha Dola nyumbani kwa malkia wao, mlango umefungwa, kama desturi inavyotaka. Nilijua anawafundisha, kwa sababu sokoni wanawake wa Dola walikuwa wakichambua ndagala huku wanaimba kichinichini kiitikio changu, na wakiniona wananyamaza na kuniuliza habari za nyumbani.

Ikafika Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, uani kwetu. Bibi alikuwa kwenye kiti, mguu mbovu juu ya mto, taji kwenye sinia pembeni yake. Mimi mbele yake kwenye mkeka, nimefunikwa kitambaa cheupe. Nadia nyuma yangu, amejipamba kuliko mimi. Dola wakaingia arobaini, wakala wakashiba, na malkia wao, Mama Mwamini, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia samaki, akamsukuma Evangelina mbele na ule mkanda wake mwekundu wa mwimbaji begani.

Ngoma ikampa mlango wa kuingilia. Hakuingia. Wakampa tena. Aliniangalia mimi, akaangalia juu, akafungua mdomo, na kilichotoka sijawahi kukitunga maishani mwangu:

*Warda mshonaji, sindano yake ni njema,*
*kanishonea gauni, halijachanika mapema.*
*Ukienda kwake asubuhi, unakuta chai,*
*na ukienda jioni, bado iko chai.*

Wanawake arobaini wa Dola walikuwa wamefungua midomo kupokea kiitikio ambacho hakikuja. Kwetu mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Hili tusi gani?" Mwenzake akamjibu, "Labda chai yake haina sukari."

Ilinipasa nicheke. Mistari mibovu namna ile, imebebwa na koo lile. Nikajikuta nalia chini ya kitambaa. Alikuwa ametunga. Hajawahi kutunga hata salamu, na wa kwanza kumtungia ni mimi, tena kunisifu, tena kuniharibia mpango wangu wote.

Mama Mwamini hakulia. Aliinuka, akamvua Evangelina ule mkanda mwekundu mbele ya watu wote, ukamkwama kichwani na akauvuta kwa nguvu.

"Tulikuokota umetoka kambini na sufuria zako kichwani, tukakupa jina," akamwambia. "Leo unatuvua nguo mbele ya Nuru. Rudi kwa kondoo zako. Dola hutaimba tena."

Evangelina alisimama mikono chini, hajui aende wapi. Na ngoma zetu zilikuwa zimekwisha kuanza kuzunguka. Moja. Mbili. Tatu.

Angalia nilivyobanwa. Nikikaa kimya tu, taji linaondoka, nimepata nilichokitaka. Lakini nilichokitaka kilikuwa kimesimama pale kinatukanwa ukimbizi wake, na kosa lake ni kukataa kuniumiza. Mzunguko wa tano Nadia alikuwa amekwisha kusimama, ananyoosha kitenge, anajiandaa kushangaa. Na mimi hasira yangu haina breki. Ndivyo nilivyo, hata Djibril alisema.

Nikavua kitambaa, nikasimama.

"Mama Mwamini, muache huyo," nikasema. "Mlitaka wimbo wenu wa kuniosha? Nawaimbia mwenyewe."

Nikauanza, kwa sauti hii ya chura:

*Kaondoka kwa tarumbeta, karudi na begi moja,*
*tumbo lake halikujaa, Djibril kachoka kungoja.*

Na hapo likatokea jambo ambalo mtu asiyejua lelemama hawezi kulielewa. Mwitikiaji hafikiri. Ukimfundisha wiki nzima kwamba baada ya mstari huu yeye anapokea, atapokea hata ukimwamsha usingizini. Dola wote arobaini wakapokea, kwa nguvu, na vidole vinalia:

*Shona, Warda, shona, wa kumvisha hana!*

Kisha wakazibana midomo, wanaangaliana. Mama Mwamini akawa anawapungia mikono wanyamaze. Nikatoa ubeti wa pili, wakapokea tena. Wa tatu, wapigaji wao nao wakaingia. Kila neno nililoliogopa lilitoka kinywani mwangu mwenyewe mchana kweupe, na hakuna aliyecheka. Ubeti wa mwisho hata wanawake wa Nuru walikuwa wanaitikia, na wawili watatu wamejifunika nyuso kwa kitenge. Wako wengi mji huu ambao hawakupata wa kumvisha. Sikujua walikuwa wengi hivyo.

Nilipomaliza, ndipo akili za watu zikarudi. Wimbo wa Dola umefundishwa nyumba ya Dola, mlango umefungwa. Mrithi wa Nuru ameujuaje mpaka nukta? Macho yote yakaenda kwa bibi.

"Wimbo huo ametunga nani?" bibi akauliza.

"Mimi, bibi."

"Na ule wa harusi ya Zubeir? Wa mguu?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi, bibi."

"Na ule wa Idi?"

"Mimi."

Hakuendelea. Zilikuwa nyimbo kumi na moja, na alizijua zote kwa moyo. Ule wa mguu ulikuwa unasema Nuru wana malkia wa miguu mitatu na katika yote hakuna hata mmoja unaojua kucheza. Baada ya harusi ile bibi alijifungia chumbani siku tatu, akasema ni malaria. Mimi ndiye niliyempelekea supu. Na nataka uelewe nilivyokuwa mbaya: nikiwa nimeshika lile bakuli mlangoni, nilikuwa naurudia mstari wa pili kichwani, nikijipongeza.

Bibi akachukua sinia, akalipitisha juu ya kichwa changu, akampa Nadia. "Vaa," akasema. Basi. Akashika fimbo yake akaingia ndani, akamsukuma kila aliyetaka kumshika mkono. Taji lilikuwa kubwa kwa Nadia, likashuka mpaka masikioni.

Nilipata nilichokitaka, si ndiyo? Nadia malkia, mimi huru, Jumatano ziko palepale. Lakini bibi hakunisemesha siku kumi na tisa, na tunakaa nyumba moja. Chakula alinipikia, kwa sababu hajui kumlaza mtu njaa. Aliweka sahani chini mlangoni, akagonga kwa fimbo mara moja, akaenda zake. Nikisema kupitia mlangoni, "Bibi, nisamehe," nilisikia fimbo inaendelea kwenda. Nilikula ugali wake kwa machozi na sikuweza kuuacha.

Evangelina naye alikuja kibandani kila alasiri na kapu lake la ndagala. Wenzake wa zamani wa Dola walimpita kana kwamba hayupo.

"Umetunga kitu?" ananiuliza.

"Hapana."

"Afadhali. Mimi pia sina hamu."

Mimi nashona zipu, yeye anauza ndagala.

Siku ya ishirini, Jumatatu, jua linawaka, nikaona fimbo kabla ya kumwona mwenyewe. Bibi hakuwahi kufika kibandani kwangu; malkia haendi kwa mafundi. Akakaa kwenye benchi la wateja bila amahoro wala salamu aleikum. Evangelina akainuka ampishe.

"Kaa, Mukristo," bibi akamwambia. "Benchi si ya baba yako wala yangu."

Akakaa. Bibi akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye pindo la nguo, akaniwekea juu ya cherehani.

"Soma."

Ilikuwa barua iliyopigwa kwa mashine, yenye kashe chini, muhuri wa duara wa rangi ya buluu. Nadia alikuwa amechonga kashe. Alijiita Madamu Prezida wa Nuru, na alikuwa anamwarifu Bibi Jamila kwamba, kwa kuwa sasa ni mwanachama mstaafu, akija kwenye ngoma atakaa safu ya tatu.

"Mustaafu," bibi akasema. "Mimi. Kwa kashe."

"Pole, bibi."

"Sikuja kuomba pole. Chukua karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Juu ya mguu wangu ulitunga bila kuniuliza kitu. Leo unaniuliza karatasi ya nini? Andika."

Nikaandika. Akanitolea mstari wa kwanza, haukuwa mbaya. Wa pili ulisema: *na mimi nimekasirika sana*. Kalamu ikanisimama mkononi. Bibi akaniangalia kwa jicho moja.

"Sema unachotaka kusema."

"Bibi, huo hauendi."

"Basi uende unavyojua."

Nikaufuta, nikaandika mwingine, nikausoma kwa sauti. Bibi alitafuna midomo. Akasema, "Hivyo ni bora," na lilimtoka kwa shida. Tukafanya beti mbili namna hiyo, tunagombana kila neno, na saa nzima ile alikuwa ananisemesha.

Evangelina hakuambiwa kitu. Alivuta ile karatasi, akaiangalia, akafuta mikono yake ya ndagala kwenye kitenge, akaimba, sokoni mchana, kwa sauti yake yote:

*Kanitumia barua, kaniita mstaafu;*
*kiti nilichokipangusa, leo kakiacha kichafu.*

Wauza nyanya wakaacha kuita wateja. Mwanamke mmoja wa Dola akasimama na kapu kichwani, akasahau kwamba hamjui. Na bibi mikono yake ilitulia juu ya fimbo. Miaka minne koo lile lilikuwa linamchoma yeye. Ilikuwa mara ya kwanza linabeba maneno yake. Akafumba macho. Machozi yakashuka na hakuyafuta.

"Miaka minne," akasema, macho bado ameyafumba, "najiuliza Dola wametoa jini wapi. Nimesoma Yasini, nimefukiza ubani mpaka majirani wakalalamika. Kumbe jini nalipikia ugali mimi mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akanishika sikio, akalivuta mpaka kichwa changu kikalala begani mwake. Hakuliachia.

"Rudia," akamwambia Evangelina. "Pole pole sasa, nisikie vizuri."

Evangelina akarudia. Sikio lilikuwa linauma vibaya, na mimi sikujitoa.